Mwongozo wa Kusimamia Harusi na Kukusanya Picha za Wageni kwa Programu Huria

Kamati ya harusi, kama tunavyoijua Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, hubeba kazi mbili za kumbukumbu. Ya kwanza ni daftari la michango: nani ameahidi, nani amemaliza, nani apewe kadi ya mtu mmoja na nani ya wawili. Ya pili huanza siku yenyewe ya sherehe, pale wageni mia tatu wanapopiga picha kwa simu zao, na wiki mbili baadaye bibi harusi anazo kumi na tano tu, tena zilizopoteza ubora kwa kupitia WhatsApp. Kazi zote mbili kwa kawaida huishia kwenye simu ya mtu mmoja, na simu hiyo ikiibiwa au kuharibika, kumbukumbu ya familia huondoka nayo.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzifanya kazi hizo kwa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza kwa mujibu wa leseni yake. Programu zenyewe hazilipiwi. Gharama iliyopo ni ya seva ya kukodi, yaani kompyuta iliyo mtandaoni muda wote, na jina la kikoa, yaani anwani ya kuifikia, na zote mbili zinaweza kuachwa mara harusi ikishapita. Inatosha kamati iwe na kijana mmoja asiyeogopa kuandika amri kwenye kompyuta. Wajumbe wengine watafungua kiungo na kuendelea na kazi.

Hatua ya kwanza: Chagua programu chache

Ziko programu nyingi zinazoweza kutumika katika harusi, na kosa la kawaida la wapenzi wa kompyuta ni kuziweka zote. Mjumbe wa kamati hatakumbuka nywila tatu za mifumo mitatu. Atarudi kwenye kundi la WhatsApp na kuwaachieni mfumo wenu. Kwa familia nyingi napendekeza Nextcloud peke yake. Mradi huu ulianzishwa mwaka 2016 na Frank Karlitschek, ambaye awali alikuwa ameanzisha ownCloud, mradi mwingine wa kuhifadhi faili, na unatolewa kwa leseni huria ya AGPL. Ndani yake mna sehemu ya kuhifadhi faili, lahajedwali (spreadsheet) ambayo watu kadhaa wanaweza kuihariri kwa pamoja, fomu za kujaza mtandaoni, ubao wa kugawana kazi uitwao Deck na, lililo muhimu kuliko yote kwetu, folda ambayo mgeni anaweza kuweka picha bila kuona zilizowekwa na wengine.

Kama harusi ni ndogo na hakuna mtu wa kusimamia seva, tumieni LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwenye kompyuta ya katibu kwa ajili ya daftari, na kwa upande wa picha kodini Nextcloud iliyokwisha kuandaliwa na kampuni ya kuhifadhi tovuti. LibreOffice ilitokana na OpenOffice mwaka 2010, na OpenOffice hiyo si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lake la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice.

Hatua ya pili: Andaa seva

Kodi seva pepe (VPS) yenye mfumo endeshi wa Debian au Ubuntu, prosesa mbili, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 80 hivi. Hesabu ya diski ni rahisi. Picha ya simu ya siku hizi huwa na megabaiti 3 hadi 5, kwa hiyo wageni mia moja wakituma picha ishirini kila mmoja utapata kama gigabaiti 8. Kinachokula nafasi ni video: dakika moja ya video ya kawaida ya 1080p inaweza kufikia megabaiti mia moja na zaidi, na ya 4K huzidi hapo mara kadhaa. Picha na video za mpiga picha mliyemwajiri zisipitie huku kabisa. Mwambieni azilete kwenye diski ngumu.

Nunua jina la kikoa, au tumia kijina kidogo chini ya tovuti ambayo mmoja wenu tayari anaimiliki, kisha lielekeze kwenye anwani ya IP ya seva. Weka Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya vifurushi vilivyo tayari, kwenye seva, halafu fuata njia ya usakinishaji iitwayo Nextcloud All-in-One. Amri yake ni ndefu na hubadilika mara kwa mara, hivyo inakili kutoka ukurasa rasmi wa mradi siku hiyohiyo unayoitumia. Hakikisha milango (ports) ya 80, 443 na 8080 iko wazi kwenye ngome (firewall) ya seva. Baada ya amri kukamilika, fungua anwani ya IP ya seva kwa https kwenye mlango wa 8080. Kivinjari kitakuonya kuhusu cheti, na kwa hatua hii onyo hilo ni la kawaida. Nakili nywila ndefu unayoonyeshwa, ingia, andika jina la kikoa, kisha chagua vipengele mnavyovihitaji. Acha Nextcloud Office kwa ajili ya lahajedwali, na Imaginary, inayosaidia kutengeneza vijipicha vya onyesho. Talk, ya mazungumzo na simu za video, na vingine vizito viondoe, kwa sababu vinakula RAM bila faida kwenu. Usisahau kuweka saa za eneo kuwa Africa/Dar_es_Salaam. Cheti cha usalama kitapatikana chenyewe mradi jina la kikoa limeelekezwa sawasawa.

Fanya kazi hii miezi miwili au mitatu kabla ya harusi. Seva inayowashwa wiki ya harusi huwashwa na mtu ambaye hajalala.

Hatua ya tatu: Andika daftari la michango

Hapa ndipo kamati nyingi hugombana, kwa hiyo panahitaji uangalifu kuliko pengine popote. Tengeneza lahajedwali yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uite Wachangiaji, na uwe na safu hizi kwa mpangilio: namba ya mchangiaji, jina, simu, upande wake, yaani wa bibi harusi au wa bwana harusi, mjumbe aliyempelekea kadi ya mchango, ahadi, alicholipa, salio, idadi ya watu kwenye kadi yake na meza. Ukurasa wa pili uite Malipo, na uwe na tarehe, namba ya mchangiaji, kiasi, njia ya malipo na namba ya muamala.

Sababu ya kutenganisha kurasa ni kwamba watu hulipa kwa awamu. Mtu aliyeahidi laki mbili anaweza kutoa elfu hamsini mwezi wa sita, elfu themanini mwezi wa saba, na zilizobaki akamkabidhi mwenyekiti mkononi siku ya kikao cha mwisho. Ukifuta kiasi cha zamani na kuandika kipya kila mara, hakuna atakayeweza kuonyesha jinsi jumla ilivyofikiwa. Kila malipo yapate mstari wake, na namba ya muamala inakiliwe kama ilivyo kwenye ujumbe wa M-Pesa au mtandao mwingine wowote. Kisha, kwenye safu ya alicholipa, andika kanuni ifuatayo, ambayo hukusanya malipo yote ya mtu mwenye namba iliyo kwenye A2:

=SUMIF($Malipo.$B$2:$B$2000;A2;$Malipo.$C$2:$C$2000)

Iburute hadi mwisho wa orodha. Safu ya salio ni ahadi kutoa alicholipa. Kwenye idadi ya watu andika 1 kwa kadi ya mtu mmoja na 2 kwa kadi ya wawili badala ya kuandika maneno, maana ukijumlisha safu hiyo unapata idadi ya sahani za kumwambia mpishi. Kabla ya kuingiza namba za simu, badilisha mpangilio wa safu hiyo uwe wa maandishi. La sivyo, sifuri ya mwanzo itapotea kwenye kila namba.

Haki za kuhariri zigawanywe kwa makini. Mweka hazina na katibu waweze kuandika. Wajumbe wengine wapewe ruhusa ya kusoma tu. Nextcloud huhifadhi matoleo ya nyuma ya faili, hivyo ikitokea mtu amesema jina lake lilikuwepo jana na leo halipo, toleo la jana linaweza kufunguliwa mbele ya kikao. Hilo pekee limetosha kunishawishi kwamba lahajedwali ya pamoja ina manufaa kuliko orodha inayonakiliwa na kubandikwa upya kwenye kundi kila jioni.

Jambo moja la heshima: orodha yenye viwango vya watu isisambazwe nje ya kamati. Baadhi ya makundi huibandika makusudi ili kuwatia watu aibu walipe, na kila mtu anajua uchungu unaobaki baada ya hapo. Toa nakala yenye majina na neno la shukrani, bila tarakimu.

Hatua ya nne: Mialiko, sare na kazi za wajumbe

Fomu za mtandaoni za kuthibitisha mahudhurio hazina nguvu sana kwetu, kwa kuwa mtu aliyechangia anahesabiwa kuwa atakuja, na shangazi hatajaza fomu hata ikipambwa vipi. Mpigieni simu. Fomu za Nextcloud zinafaa kwa mambo mawili. La kwanza ni ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis, ambao tarehe zao za kuwasili zinahitajika mapema kwa ajili ya malazi na usafiri wa uwanja wa ndege. La pili ni vipimo vya sare: urefu, kifua, kiuno na rangi ya kitambaa kwa kila msimamizi na kila mwanakamati, ambavyo fundi anaweza kukabidhiwa vikiwa kwenye jedwali moja. Majibu ya fomu huweza kuhamishwa moja kwa moja kwenye lahajedwali.

Kazi za wajumbe, kuanzia ukumbi, mapambo, vinywaji na MC hadi magari, ziwekwe kwenye Deck, kila moja ikiwa na jina la mhusika na tarehe ya mwisho.

Kwa kadi zenyewe, Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, inaweza kuchukua majina kutoka kwenye lahajedwali na kuchapisha kadi moja kwa kila mchangiaji. Mlangoni, orodha iliyochapishwa kwa mpangilio wa namba za kadi na kalamu mbili hutosha kwa ukumbi wa watu mia tatu. Ikiwa mnatarajia watu wengi zaidi, au mnahofia kadi za kughushi, ipo pretix, programu huria ya tiketi kutoka Ujerumani, yenye aplikesheni ya pretixSCAN inayoweza kukagua misimbo hata mtandao ukikatika. Lakini pretix ni mfumo mzima wa kujifunza, na sioni sababu ya kuubeba kwa sherehe ya kawaida.

Hatua ya tano: Folda ya kupokelea picha

Ndani ya Nextcloud tengeneza folda iitwayo Picha za Wageni. Ifungue kwenye sehemu ya kushirikisha, tengeneza kiungo cha umma, na kwenye ruhusa chagua File drop, ambayo kwenye matoleo mapya huitwa File request. Kuanzia hapo yeyote mwenye kiungo ataweza kupakia picha kupitia kivinjari cha simu yake, bila kufungua akaunti wala kuweka aplikesheni, na hataona chochote kilichopakiwa na mwingine. Majina ya faili yakigongana, mfumo huongeza namba badala ya kufuta ya kwanza, jambo lenye maana kwa sababu simu nyingi huzipa picha majina yanayofanana. Weka tarehe ya kiungo kuisha muda, wiki tatu baada ya harusi.

Ninasisitiza aina hii ya folda badala ya albamu ya wazi ambayo kila mgeni anaona kila kitu, na sababu yake inaeleweka na yeyote aliyehudhuria harusi ya pwani. Shughuli za wanawake, iwe ni singo, kupamba au kitchen party, zina picha ambazo hazipaswi kutoka nje ya chumba kile. Wengi huvua mtandio humo kwa kuamini kwamba wako miongoni mwa wenzao. Kwa shughuli hizo ama simu zizuiwe kabisa, ama pawe na folda tofauti, yenye kiungo tofauti, chini ya akaunti ya mwanamke aliyekubaliwa na bibi harusi. Hata hivyo ieleweke wazi kwamba msimamizi wa seva ana uwezo wa kuzifikia faili zote zilizomo, hata asipopewa kiungo. Kama msimamizi huyo ni kaka wa bwana harusi, picha za singo zisiwekwe kwenye seva hiyo.

Jaribu kiungo kabla ya siku yenyewe, kwa simu ya Android na kwa iPhone, ukitumia data ya simu na si Wi-Fi ya nyumbani.

Hatua ya sita: Fikisha kiungo kwa wageni

LibreOffice ina kitengeneza misimbo ya QR: fungua menyu ya Insert, kisha OLE Object, kisha QR and Barcode, na ubandike kiungo. Chapisha msimbo huo kwenye vikadi vidogo vya mezani, na chini yake uandike kiungo kwa maandishi kwa ajili ya wasiojua kuskani. Andika pia maelezo mafupi, kwa mfano:

"Ndugu yetu mpendwa, tunaomba picha na video ulizopiga leo. Skani hapa, chagua picha, tuma. Watakaoziona ni familia tu. Ukipenda, tuma ukifika nyumbani. Kiungo kitabaki wazi wiki tatu."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Mgeni hatamalizia bando lake kupakia video ya megabaiti mia tatu akiwa ukumbini, na ruta moja ya 4G haiwezi kubeba watu mia tatu wanaopakia kwa pamoja. Afadhali MC atangaze mara mbili, wakati wa chakula na kabla ya kufunga, na siku tatu baadaye katibu apeleke ukumbusho kwenye kundi. Waambieni wageni wasizitume kwanza WhatsApp kisha wazipakue ndipo wazipakie: kwa njia hiyo picha hubanwa, na taarifa za tarehe ya kupigwa hupotea, na bila tarehe hizo kuzipanga baadaye ni kazi ya kubahatisha.

Wazee wana simu nzuri na picha nzuri, na hawataskani chochote. Wateueni vijana wawili wenye LocalSend kwenye simu zao. Hii ni programu huria inayohamisha faili kati ya simu zilizo kwenye Wi-Fi moja, Android na iPhone zikiwa pamoja, bila kutumia intaneti. Kijana akifungua mtandao wa simu yake, anamwekea babu programu, anachukua picha pale pale mezani, na babu hapotezi hata megabaiti moja ya bando.

Hatua ya saba: Chambua kabla ya kugawa

Watu wawili, mmoja kutoka kila upande, wapakue folda nzima kwenye kompyuta. Programu huria iitwayo Czkawka huonyesha picha zilizojirudia na zinazokaribia kufanana, kwa hiyo itawaondolea zile arobaini za keki ileile. Kisha wazipitie zilizobaki kwa macho. Zitolewe picha za mtu aliyefumba macho akitafuna, za watoto wasiovaa vizuri, za ndugu aliyezidiwa na kinywaji, na za mgeni yeyote aliyeomba asionekane.

Picha nyingi za simu hubeba ndani yake mahali zilipopigwa. Zile za nyumbani kwa wazazi, asubuhi ya maandalizi, zinaweza kumwonyesha mtu baki nyumba ilipo hadi mlangoni. Programu ya ExifTool huondoa taarifa hizo kwenye folda nzima, hapa ile ya picha mlizozikubali iitwayo Zilizopitishwa, kwa amri moja:

exiftool -r -overwrite_original -gps:all= Zilizopitishwa

Fanya hivyo kwenye nakala, na uache zile za asili kama zilivyo. Baada ya hapo pakia folda ya Zilizopitishwa kwenye Nextcloud na uigawe kwa kiungo cha kutazama na kupakua tu, chenye nywila inayotolewa ndani ya kundi la familia.

Wapo watakaotaka kutafuta picha kwa sura: "nionyeshe zote alizomo bibi." Ikiwa anayehitaji hilo ni mtu mmoja anayepanga albamu, digiKam, programu huria ya kupanga picha, inaweza kutambua sura kwenye kompyuta yake bila kupeleka picha popote. Ikiwa ni familia nzima, Immich, programu huria ya picha inayowekwa kwenye seva, inafanya kazi hiyo kwa ufanisi mkubwa. Ilianza mwaka 2022, toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2025, na albamu zake zinaweza kuwa na kiungo kinachowaruhusu wageni kupakia. Inahitaji seva yenye nguvu zaidi, na ningeanza na RAM ya gigabaiti 8. Mimi ningeisakinisha tu kama familia inakusudia kuendelea kuitumia kwa picha zake za miaka yote.

Hatua ya nane: Hifadhi na ufunge

Nakili picha zote za asili kwenye diski ngumu mbili za nje, moja ikae kwa wanandoa na nyingine kwa wazazi wa upande mmojawapo, ili moto au mwizi wa nyumba moja asichukue zote. Zijaribuni diski hizo kwenye kompyuta nyingine kabla ya kufuta chochote. Hapo ndipo mfute viungo vyote vya umma.

Daftari la michango lichapishwe nakala moja kwa wanandoa, ambao watalihitaji kwa miaka mingi kila watakapopelekewa kadi za kuchangia na wale waliowachangia. Nakala za kompyuta zenye namba za simu za watu zifutwe kwa wajumbe wote. Mwisho, mweka hazina akishafunga hesabu na kikao cha kuvunja kamati kimekaa, simamisha seva na usitishe malipo yake. Jina la kikoa liache liishe muda wake lenyewe, baada ya kuhakikisha kwamba halijawekwa kulipiwa upya kila mwaka.